Mgeni asilione kosa, wewe ulione

Picha ya skrini iliingia saa nne usiku, na chini yake maneno matatu: "Kaka, nini hiki?" Ilitoka kwa mteja niliyemtengenezea duka la mtandaoni. Ukurasa wa malipo ulikuwa umejaa maandishi ya makosa ya PHP, lugha niliyoiandikia tovuti ile, na katikati yake mstari huu (nywila nimeibadilisha):

`#0 /home/duka/public_html/inc/db.php(14): PDO->__construct('mysql:host=loca...', 'duka_admin', 'Mvua2019kubwa')`

Usome polepole. Folda ilipo tovuti, jina la faili, jina la mtumiaji wa hifadhidata, na nywila yake nzima. PHP hukata maneno yanayozidi herufi 15 kwenye orodha hiyo, ndiyo maana anwani ya seva imeishia njiani. Nywila yangu ilikuwa na herufi 13, ikapita yote. Hifadhidata ilikuwa imezidiwa na watu kwa dakika chache tu, lakini kwa dakika hizo kila aliyefungua ukurasa ule alikabidhiwa funguo.

Usiku uleule nilifanya kile ambacho wengi hufanya. Niliweka `error_reporting(0);`, amri inayoiambia PHP isiripoti kosa lolote, juu kabisa ya index.php, nikapakia ukurasa upya, nikaona uko safi, nikalala. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Miezi kadhaa baadaye kampuni inayohifadhi tovuti ile ilihamisha seva kutoka PHP 7 kwenda PHP 8. Kodi ya programu niliyoandika ya kutuma oda ilipitia bidhaa za kikapu kwa kutumia `each()`, na `each()` iliondolewa kabisa kwenye PHP 8.0. Mnunuzi alibonyeza "Tuma oda", akaona kichwa cha ukurasa na weupe chini yake. Wengine walidhani oda imefika. Siku tisa hakuna barua pepe hata moja iliyomfikia mteja wangu, naye alidhani biashara imepoa. PHP ilikuwa ikinionya kuhusu `each()` tangu toleo la 7.2, lakini `error_reporting(0)` ilikuwa imezima kila onyo, kwenye skrini na kwenye logi pia, yaani faili ambamo PHP huandika makosa. Nilimficha mgeni kosa, nikajificha na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nikikuomba jambo moja tu, ni hili: anza na logi, kisha ndipo ufiche.

Kuna mipangilio mitatu ambayo watu huichanganya. `error_reporting` huamua makosa yapi yahesabiwe. `display_errors` huamua kama yatachapishwa kwenye ukurasa. `log_errors` huamua kama yataandikwa kwenye faili. Ule wa kwanza uache wazi kabisa, unaozimwa ni wa pili. Kwenye tovuti iliyo hewani mimi huweka hivi ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP:

```
error_reporting = E_ALL
display_errors = Off
display_startup_errors = Off
log_errors = On
error_log = /home/duka/logi/php.log
zend.exception_ignore_args = On
```

Mstari wa mwisho ulikuja na PHP 7.4, na ndio ungeniokoa usiku ule: unaizuia PHP kuorodhesha thamani zilizopitishwa kwenye fankisheni, nywila zikiwemo. Usiuache hata kama makosa hayaonekani tena kwenye skrini, kwa sababu logi nayo husomwa na watu, hunakiliwa, hutumwa kwa fundi mwingine. PHP hutolewa ikiwa na mafaili mawili ya mfano, php.ini-development na php.ini-production, na hilo la pili tayari limezima `display_errors`. Lakini pasipokuwa na php.ini yoyote, PHP yenyewe huonyesha makosa. Usidhani kuna aliyekuzimia.

Weka mipangilio hii kwenye php.ini, usitegemee `ini_set()` ndani ya kodi. Ukisahau nukta-mkato kwenye index.php, PHP inashindwa kulisoma faili kabla haijatekeleza hata mstari wa kwanza, kwa hiyo `ini_set('display_errors', '0')` yako haifikiwi, na kosa linachapishwa kama kawaida. Kama huna ruhusa ya kugusa php.ini na seva inatumia PHP-FPM (PHP inayoendeshwa kama huduma ya pembeni), tengeneza faili liitwalo `.user.ini` kwenye folda ya tovuti. PHP hulisoma upya kila baada ya sekunde 300 isipobadilishwa, kwa hiyo subiri dakika tano kabla ya kuanza kuhangaika kwamba halifanyi kazi. Nimewahi kupoteza saa nzima kwa kutolijua hilo. Ile mistari ya `php_flag` ndani ya .htaccess (faili la mipangilio ya Apache, programu inayowapa wageni kurasa) hufanya kazi pale tu PHP inapoendeshwa kama moduli ya Apache. Kwingineko inaangusha tovuti nzima kwa kosa la 500, yaani seva imeshindwa.

Kama seva ni yako, angalia pia unahariri php.ini ipi. Kwenye Debian na Ubuntu ile ya mstari wa amri iko folda ya cli na ile ya tovuti, ukitumia PHP-FPM, iko folda ya fpm. Ukiandika `php -i` kwenye terminali utaona majibu ya ile ya kwanza, ukaridhika bure.

Logi yenyewe isikae ndani ya public_html, folda ambayo wageni huifikia kwa kivinjari. Ukiiweka humo, yeyote anayebahatisha jina la faili anaisoma kwa kivinjari, na utakuwa umehamisha tatizo tu. WordPress ina mtego huu: ukiwasha `WP_DEBUG_LOG` kwa `true`, inaandika kwenye wp-content/debug.log, mahali ambapo kila mtu anajua pa kutafuta. Tangu toleo la 5.1 unaweza kuipa njia ya faili lililo nje, tumia nafasi hiyo.

Sasa sehemu ambayo watu wengi huisahau. `display_errors = Off` inazuia kile ambacho PHP inachapisha. Haizuii kile unachochapisha wewe. Kodi nyingi za zamani, na masomo mengi ambayo wengi wetu tulijifunzia, yana mistari kama hii:

`mysqli_query($con, $sql) or die(mysqli_error($con));`

au `catch` (sehemu inayodaka makosa) ambayo ndani yake kuna `echo $e->getMessage();`. Hiyo ni kodi ya kawaida, na PHP itaitekeleza (ile ya `or die`, kwenye matoleo ya kabla ya 8.1) hata ukizima kila kitu kwenye php.ini. Mgeni ataona jina la jedwali, jina la safu, pengine kipande cha SQL yako (maagizo unayoipa hifadhidata), na kwa mtu anayetafuta mwanya wa kuingiza SQL hiyo ni ramani. Pitia mradi wote, tafuta `die(`, `getMessage`, `var_dump` na `print_r`, kimoja baada ya kingine. Kwenye duka lile nilikuta sehemu 23. Kila moja niliigeuza ikaandika kwenye logi kwa `error_log()`, na mgeni akapata ujumbe wa kibinadamu.

Ujumbe huo wa kibinadamu unahitaji kitu kimoja: namba. Bila namba, mteja anakuambia "tovuti imegoma" na wewe huna pa kuanzia. Mimi huweka hii mwanzoni mwa programu, idake kosa lolote ambalo halikudakwa kwingine:

```
set_exception_handler(function (Throwable $e) {
    $namba = bin2hex(random_bytes(4));
    error_log("[$namba] " . $e);
    http_response_code(500);
    echo "Samahani, kuna hitilafu. Ukiwasiliana nasi taja namba $namba.";
});
```

Mteja anakusomea herufi nane, unazitafuta kwenye logi, unafika kwenye mstari husika. Ukurasa huu usitegemee hifadhidata hata kidogo, maana mara nyingi hifadhidata ndiyo iliyoanguka.

Ile 500 nayo si pambo. Kosa kubwa likitokea `display_errors` ikiwa imewashwa, PHP hurudisha 200, yaani "kila kitu sawa", na injini za utafutaji zinaweza kuuhifadhi ukurasa wako wa makosa kama maudhui halali. Ikiwa imezimwa, na ukurasa haujaanza kutumwa, PHP hurudisha 500 yenyewe, na programu inayochunguza kama tovuti iko hewani inapata cha kukuarifu.

Alama ya `@` mbele ya fankisheni, ile ya kunyamazisha makosa yake, iache. Tangu PHP 8.0 haizimi tena makosa makubwa, na yale madogo inayoyazima ndiyo uliyohitaji kuyajua.

Wanaotumia Laravel, mfumo wa kujengea tovuti za PHP, hakikisheni `APP_DEBUG=false` kwenye .env (faili lake la mipangilio) ya seva. Mwaka 2021 lilitangazwa pengo la usalama lenye namba CVE-2021-3129 kwenye Ignition, ukurasa wa makosa ambao Laravel iliutumia wakati huo. Tovuti iliyoachwa na hali ya debagi imewashwa iliweza kuendeshewa kodi na mtu wa nje bila hata kuingia kwa nywila.

Ukimaliza, jaribu. Tengeneza faili lenye jina lisilokisika, ndani yake ita fankisheni isiyokuwepo, lifungue kwa kivinjari. Ukurasa usionyeshe maandishi yoyote ya PHP, jibu liwe 500, na mstari mpya uwe umeingia kwenye logi. Logi ikiwa tupu, mara nyingi ni ruhusa: mtumiaji anayeendesha PHP hawezi kuandika kwenye folda ile. Kisha futa faili.

Na kama makosa yako yamewahi kuonekana hadharani, hata kwa dakika tano, badilisha nywila ya hifadhidata leo.

Siku ya kwanza logi yangu ilijaa mamia ya mistari, karibu yote ikilalamikia kigezo kilekile ambacho kodi ilikitumia kabla hakijapewa thamani. Nilitumia jioni mbili kuisafisha, onyo moja baada ya jingine, hadi ikanyamaza. Sasa naifungua kila asubuhi. Wiki iliyopita ulikuwemo mstari mmoja tu, kutoka ukurasa wa malipo, na niliurekebisha kabla mteja hajaamka.