Barua kwa mwanangu: pango lililo nyuma ya Nanzen-ji

Mwanangu,

Umeuliza utafikaje kwenye lile pango la Wabudha kando ya maporomoko huko Kyoto, Japani, na kama asiye wa dini yao anaruhusiwa. Anaruhusiwa. Hakuna kiingilio, wala hakuna atakayekulazimisha kusali. Ila kumbuka ni mahali pa ibada.

Shuka kituo cha treni cha Keage, laini ya Tōzai. Utapita kihandaki cha matofali. Tazama juu uone yalivyopangwa mshazari. Kihandaki kinakatiza upande chini ya reli iliyokuwa ikibeba mashua, na mpangilio huo ndio unaostahimili uzito. Ndani ya Nanzen-ji, hekalu kubwa la Wabudha, kuna mfereji wa maji unaopita juu ya matao ya matofali, wa mwaka 1888. Wageni wengi huishia hapo kupiga picha. Wewe pita chini ya matao, geuka kushoto, panda hadi kihekalu cha Kōtoku-an, kisha shika ngazi za mawe msituni. Ni robo saa hivi. Haja zote zimalizie chini.

Ngazi hizo zina ukoga, na Novemba majani huuficha. Mtu huteleza akishuka, kisigino kikitangulia. Kwa hiyo shuka kiubavu, na viatu viwe na soli ya meno. Mvua kubwa ikinyesha, ahirisha. Mwisho wa kiangazi kuna nyigu wakubwa wanaochokozwa na nguo nyeusi: vaa nyeupe, na akikuzunguka usimpige, rudi nyuma polepole.

Ukikuta mtu amesimama chini ya maji akinuia dua, kaa mbali na kamera uifiche. Hiyo ni takigyō, ibada ya kujitakasa, na wengine huifanya hata wakati wa baridi. Wewe usiingie majini.

Sanamu utakayoiona ni ya Fudō Myōō, mlinzi wa imani ya Wabudha: upanga mkono wa kulia, kamba wa kushoto, moto mgongoni. Uso ule wa ukali usikutishe. Upanga ni wa kukata ujinga, kamba ya kuwavuta wanaopotea. Usipige makofi, hiyo ni desturi ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Torii iliyopo, yaani lango la Shinto, isikuchanganye, maana dini hizo mbili ziliishi pamoja karne nyingi mpaka serikali ilipoamuru zitenganishwe mwaka 1868. Anayesali huunganisha viganja kimya. Kama hutaki, vua kofia, inama kidogo, yatosha. Ukiwasha ubani, usichukue moto kwenye mshumaa wa mwingine, husemwa unabeba na mizigo yake. Na mwali uuzime kwa kupunga mkono, kwani pumzi ya kinywa huhesabiwa si safi.

Chakula usiache hata punje, nguruwe mwitu wapo. Njia inaendelea juu milimani; bila ramani usiifuate, rudi ulikopitia. Ukibakiwa na muda, panda Sanmon, lango kuu la Nanzen-ji la mwaka 1628. Hapo ndipo utatoa hela.

Mama yako