Makosa ya Mtakatifu Monika Yalivyonisaidia

Kila tarehe 27 Agosti, Kanisa linapoadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Monika, sisi akina mama wenye watoto walioiacha imani huambiwa jambo lile lile: lieni kama Monika, aliyemlilia mwanawe Augustino hadi akaongoka, nanyi mtasikilizwa. Nililia miaka mitatu baada ya kifungua mimba wangu kuacha kusali, na pamoja na kulia nilifanya mengine ambayo leo nayaonea haya. Kila alfajiri nilimtumia mstari wa Biblia kwenye simu, nikangoja tiki mbili zigeuke bluu, na zisipogeuka nilimpigia. Kwenye jumuiya nililitaja jina lake kwa sauti wakati wa maombi, mbele ya majirani waliomjua tangu akitambaa, na habari zikamfikia kabla sijafika nyumbani. Mwishowe aliizuia namba yangu.

Ushauri wangu kwa mama aliye katika hali hiyo ni kwamba amsome Monika kama mwanawe Augustino alivyomweleza katika Maungamo, simulizi la maisha yake mwenyewe, hasa kitabu cha tatu na cha tisa, asiridhike na yule wa kwenye picha mwenye leso mkononi. Monika wa kitabuni ana makosa, nami nilifunguka macho kwa makosa hayo kuliko kwa machozi yake.

Alizaliwa karibu na mwaka 331 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa binti mdogo alitumwa kuteka divai pipani, na kabla ya kuimimina alikuwa akiionja kwa ncha ya midomo tu, kidogo leo na kidogo kesho, hata akazoea kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Aliyemponya ni kijakazi waliyegombana naye, ambaye alimwita mlevi kwa nia ya kumuumiza. Neno likamchoma, akaacha siku hiyo hiyo. Ni katika kuwaombea marehemu wazazi wake ambapo Augustino anasimulia haya, wala hakuona kwamba anamvunjia mama yake heshima.

Kuhusu ndoa yake na Patrisi, mpagani mwenye hasira za karibu na asiye mwaminifu, sitasema mengi. Monika alingoja hasira ipoe ndipo azungumze, na mumewe alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Lakini pale anapowaambia wanawake wenzake wenye alama za kipigo usoni kwamba wajione kama wajakazi wa waume zao, mimi siko naye, na ninamsihi anayesoma asiitumie sehemu hiyo kumrudisha mtu kwa mume anayempiga.

Utajiri wa habari zake uko kwa mtoto. Augustino alipojiunga na Wamanikeo, dhehebu lililofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, Monika alikataa kwanza kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto: amesimama juu ya ubao, akilia, na kijana mwenye kung'aa anamwambia atazame, kwa maana pale alipo yeye ndipo alipo na mwanawe. Baada ya ndoto hiyo alimkaribisha tena mezani, ingawa Augustino alibaki Mmanikeo kwa miaka mingi zaidi. Halafu alimwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na kijana. Askofu alikataa. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe alilelewa na Wamanikeo, akasoma na kunakili karibu vitabu vyao vyote, na akatoka bila kubishana na mtu; basi amwache, amwombee tu. Monika akazidi kumng'ang'ania, naye, akiwa amechoka, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Sentensi hiyo tunaikariri kama baraka, na labda ni baraka, lakini ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa anatafuta nafasi ya kupumua. Niliposoma hapo nilimkumbuka paroko wetu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiniona kwa mbali na kupitia mlango wa sakristia.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake kule Kartago na kupanda merikebu usiku kwenda Roma, huku Monika akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani. Hakukata tamaa, alimfuata hadi Milano. Huko alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, kama desturi ya kwao Afrika, na bawabu alipomwambia kuwa Askofu Ambrosi ameikataza, aliacha bila neno. Mwanawe alistaajabu kumwona akiacha desturi yake kwa wepesi namna hiyo.

Sehemu iliyonizuia kulala ni nyingine. Augustino alikuwa ameishi miaka mingi na mwanamke aliyemzalia mtoto, Adeodato. Monika alijitahidi sana mwanawe apate ndoa ya heshima, na ili ndoa hiyo iwezekane mwanamke yule aliondolewa akarudi Afrika, akimwachia mtoto. Bibi arusi aliyechaguliwa alikuwa bado hajafikia umri wa kuolewa, na ndoa yenyewe haikufungwa kamwe. Augustino anasema moyo wake uliraruliwa, ukatoka damu. Jina la mwanamke huyo hatulijui. Augustino alibatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387, na mwaka huo huo Monika alifariki huko Ostia, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake, akiomba tu kwamba akumbukwe altareni pa Bwana.

Mwanangu anaishi na binti mmoja bila ndoa, na mimi nilikuwa sijawahi kumsalimu, nilimwita "huyo". Baada ya kusoma nilimwomba mdogo wa mwanangu namba ya huyo binti, nikakaa nayo siku nne. Nilipopiga alipokea mara ya kwanza, akasema, "Shikamoo, mama." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini lililonitoka lilikuwa marahaba.