Diski pepe moja kwa kompyuta tatu? Simama hapo hapo!

Umeuliza uchague ipi kati ya LIO, tgt na SCST, programu za Linux za kutoa diski za seva kwa mtandao. Ziweke kando kwanza. Umeandika kwamba skuli yenu hapo Wete ina kompyuta tatu, na mnataka seva igawe diski pepe moja kwa iSCSI, njia ya kuipa kompyuta diski ya seva kupitia mtandao, zote tatu ziandike humo. Usifanye, ndugu yangu.

iSCSI haigawi mafaili. Inatoa diski yenyewe, na kila kompyuta inaichukua kama iliyofungwa ndani yake. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, mifumo ya kupanga mafaili diskini, zinamjua mwenye nyumba mmoja tu: kila kompyuta inajiwekea kumbukumbu zake za wapi pana nafasi, haimuulizi mwenzake. Ya kwanza ikiandika, ya pili haina habari, inaandika juu yake.

Studio yetu hapa Chake Chake ilifungiwa hivyo hivyo. Fundi akasema, "Ni folda tu, unganisheni zote," akazima hata ulinzi unaochagua kompyuta ipi iingie. Mwanzo mambo yalikwenda. Kisha folda ya harusi ikawa imejaa picha kwenye mashine ya kuhariri, kwenye ya kuchapisha tupu. Nikafungua picha ya bibi harusi: juu ushungi na macho, kuanzia puani kwenda chini kijivu kitupu. Nyengine nusu yake ilikuwa ya harusi ya watu wengine. Nakala za akiba zilitoka diski ile ile kila usiku, na uharibifu ukaingia humo pia. Mtu asiyejua tofauti ya diski na folda anachukuaje pesa za watu? Harusi hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha!

Diski pepe moja, kompyuta moja. Mkitaka watu watatu wafungue mafaili yale yale, wekeni Samba, inayogawa folda kwa mtandao, au NFS ya kazi hiyo hiyo kama zote ni Linux. Hapo anayeandika ni seva peke yake. Ipo pia mifumo ya mafaili, OCFS2 na GFS2, iliyotengenezwa kwa diski ya pamoja, lakini inataka msimamizi anayeijua khasa.

Ukibaki na iSCSI kwa kompyuta moja, chukua LIO, imo ndani ya Linux tangu toleo 2.6.38 la 2011. Diski pepe ikiwa ni faili, iunde kwa write_back=false, yaani data iandikwe diskini papo hapo bila kusubiri kwenye memori, maana umeme ukikatika, kilichosubiri kwenye memori kimekwenda.

Na kama mmeshaziunganisha, zimeni zote tatu leo. Kisha washeni moja tu, mnakili mafaili kwenye diski nyengine, na kila faili mlifungue mlitazame kabla ya kuliamini.