Jinsi ya Kujiandaa kwa Onyesho la Piano la Mtu Mmoja

Ukipata tiketi ya kwenda kumsikiliza Daniil Trifonov akipiga piano peke yake jukwaani, karibu kila utakayemwambia atakutajia tuzo zake. Atakueleza kwamba Mrusi huyo, aliyezaliwa Nizhny Novgorod mwaka 1991, alishika nafasi ya tatu katika Mashindano ya piano ya Chopin ya Warsaw mwaka 2010, na kwamba mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alishinda Mashindano ya Rubinstein ya Tel Aviv na majuma machache baadaye yale ya Tchaikovsky ya Moscow, ambako alitunukiwa pia tuzo kuu inayowajumuisha washindi wa fani zote, si piano pekee. Ushauri wangu, baada ya miaka ya kuhudhuria maonyesho ya aina hii hapa New York, ni kwamba habari hizo uzisome mara moja uziweke kando, na muda wako uutumie kwenye orodha ya kazi atakazozipiga usiku huo.

Siidharau tuzo. Ndiyo iliyomfungulia kijana huyu milango ya kumbi kubwa, na anayeipata Moscow au Warsaw amekwisha kuchujwa vikali. Hata hivyo, uamuzi wa majaji ni uamuzi wa watu wanaoweza kutofautiana kabisa: mwaka 1980, mpiga piano Ivo Pogorelich alipoenguliwa kabla ya fainali huko Warsaw, Martha Argerich, mpiga piano mashuhuri na mmoja wa majaji, alijiuzulu kwa kupinga. Isitoshe, mashindano humwekea mpiga piano masharti ya nini apige, na fainali humweka mbele ya okestra nzima, ilhali katika onyesho la mtu mmoja amechagua mwenyewe kila kitu: kazi ipi ianze, ipi ifuate na ipi imalize. Utaratibu huu wenyewe umetokana kwa kiasi kikubwa na Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi, ambaye katika miaka ya 1839 na 1840, kwanza Roma na kisha London, alithubutu kuketi peke yake jioni nzima wakati ambapo wasikilizaji walizoea kuona waimbaji na wapigaji wengine wakipokezana. Kwa hiyo anayekuja na uteuzi wake ana jambo analotaka kulisema kwa uteuzi huo, na msikilizaji asiyeujua hulikosa jambo hilo hata kama masikio yake ni mazuri.

Nichukue mfano ambao kila msomaji anaweza kuusikiliza nyumbani, kwa kuwa ulirekodiwa na kutolewa kama albamu: onyesho la Trifonov katika Carnegie Hall, ukumbi wa hapa New York, Februari 2013. Alipiga Sonata ya Pili ya mtunzi Scriabin (sonata ni kazi ndefu ya ala), Sonata ya Liszt katika ngazi ya sauti iitwayo B maina, na Preludi 24, yaani vipande vifupi, za mtunzi Chopin. Ukizitazama kwa pamoja kabla ya kuzisikia, utaona zinavyozungumza. Sonata ya Scriabin ina sehemu mbili tu, ya kwanza ikiwa utulivu wa usiku kando ya bahari na ya pili bahari iliyochafuka, kama mtunzi mwenyewe alivyoeleza. Kazi ya Liszt, iliyokamilika mwaka 1853, ni safari ya takriban nusu saa isiyo na kituo. Kisha inakuja kazi ya Chopin iliyovunjwavunjwa vipande 24, kimoja kwa kila ngazi ya meja na maina, na kadhaa kati ya hivyo havifiki hata dakika moja. Jioni nzima, basi, imejengwa juu ya swali la urefu: muziki unaweza kurefushwa hadi wapi bila kukatika, na unaweza kufupishwa hadi wapi ukabaki mzima?

Kwenye Sonata ya Liszt ndipo ninapowasihi watu watulie zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Mwanzo kabisa utasikia sauti chache za chini zikishuka polepole. Baada yake wazo la nguvu linaloruka kwa kasi. Halafu, chini upande wa mkono wa kushoto, sauti moja ikirudiwarudiwa kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Zishike hizo tatu kichwani, kwa kuwa karibu kila kitu kinachofuata kimetokana nazo. Huo ugongaji wa mlango, kwa mfano, utarudi dakika kadhaa baadaye ukiwa umepunguzwa mwendo na kupambwa, umegeuka wimbo mtamu kiasi kwamba anayeusikia kwa mara ya kwanza hadhani kuwa ni ule ule. Mpiga piano aliyekomaa humfanya msikilizaji autambue bila kuusisitiza kupita kiasi, na hapo ndipo mimi hupima ustadi wake, wala si katika kasi ya vidole.

Njia ninayoifuata ni rahisi, ingawa inadai subira. Katika juma linalotangulia onyesho husikiliza kazi moja kwa jioni, simu ikiwa mbali na bila kufanya kazi nyingine, na kazi ndefu huirudia jioni ya pili nikitafuta mahali wazo la mwanzo linaporejea. Sisikilizi rekodi ya mpigaji yule yule ninayekwenda kumwona, maana ningefika ukumbini nikimlinganisha na yeye mwenyewe wa zamani badala ya kumsikia wa leo. Kwa Liszt, rekodi za Martha Argerich na mpiga piano mwingine, Krystian Zimerman, zinatosha kukuonyesha jinsi maandishi yale yale yanavyoweza kwenda njia mbili tofauti.

Kuhusu viti, wanaopenda kuona mikono wakae upande wa kushoto wa ukumbi, na wanaopenda uso wakae kulia. Mimi hununua kiti cha juu, cha bei nafuu, kwa kuwa sauti ya piano kubwa hunifikia ikiwa imechanganyika vizuri.

Suala la kupiga makofi huwatia watu hofu isiyo ya lazima. Sisi tuliokulia Pwani tumezoea taarabu, ambako msikilizaji aliyeguswa huinuka na kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo, na ni heshima kubwa. Hapa heshima huonyeshwa kwa kungoja. Makofi hayapigwi baina ya sehemu za sonata wala baina ya preludi moja na nyingine, kwa hiyo kwa Chopin ngoja hadi sauti tatu nzito za mwisho kabisa, chini upande wa kushoto, zikimalizika. Liszt anahitaji uangalifu zaidi. Maandishi yake ya mkono, yaliyohifadhiwa katika maktaba ya Morgan hapa New York, yanaonyesha kwamba alikuwa ameandika mwisho wa kishindo, akaufuta, akaweka badala yake mwisho wa kimya unaozama kwenye sauti moja ya chini sana. Anayekurupuka kupiga makofi hapo huwanyima wenzake kile ambacho mtunzi alikitafuta hadi akafuta kurasa. Tazama mikono: ikiwa bado iko juu ya vitufe, au bega halijalegea, muziki haujaisha.

Usikimbilie koti lako pia, kwani baada ya orodha rasmi kuna vipande vya nyongeza ambavyo havikuandikwa popote. Usiku ule wa 2013 Trifonov aliongeza kipande kifupi cha Medtner, Mrusi mwenzake ambaye nje ya Urusi hasikiki mara kwa mara, na ni kwa njia hiyo nilivyoanza kumtafuta mtunzi huyo. Kikipigwa kipande usichokijua, muulize mhudumu wa ukumbi au aliyeketi jirani nawe, uandike jina lake kabla ya kutoka, kisha ukakisikilize tena nyumbani.