Yom Kippur: mgonjwa afunge au asifunge?

Ndugu, uliuliza kama Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya toba na kufunga, ni kama siku moja ya Ramadhani, na kama mwenye kisukari naye hufunga. Si sawa kabisa. Wayahudi wanaanza kabla jua halijazama na kumaliza usiku unaofuata, saa 25 hivi, bila chakula wala tone la maji. Hakuna kula usiku hapo katikati. Pia hawaogi, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, na mume na mke hujitenga. Ndiyo maana utaona mtu kavaa nguo nyeupe nadhifu, miguuni raba za kitambaa.

Kuhusu mgonjwa, sheria yao iko wazi: uhai kwanza. Daktari akisema kufunga kutamhatarisha, anatakiwa ale, na akikazana kufunga ndiye anayekosea. Wapo wanaoruhusiwa kula kidogo kidogo kwa vipindi. Watoto wadogo hawafungi. Mwenye kisukari azungumze na daktari na rabi wake mapema, asingoje siku yenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na kwangu ndicho kizito kuliko njaa: Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inasema siku hii husafisha makosa kati ya mtu na Mungu tu. Uliyemdhulumu jirani, mwendee kwanza umridhishe. Kwa hiyo siku za kabla yake watu hupigiana simu kuombana radhi, hata kwa deni la zamani.

Mfungo huisha kwa kupulizwa shofa, pembe ya kondoo dume.