Jibu: Wasovieti hawakuanza kwa kunakili IBM

Umeandika kwamba kompyuta za Wasovieti zilikuwa nakala za IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, tangu mwanzo. Hapana ndugu, hayo yalikuja baadaye.

Kompyuta yao ya kwanza, MESM, ilijengwa na kikundi cha mhandisi Sergei Lebedev huko Feofaniya, nje kidogo ya Kyiv, Ukraine, ndani ya jengo la zamani la watawa lililoharibiwa na vita. Ilikuwa na valvu (mirija ya kioo ya kielektroniki inayotoa joto) kama 6,000 na ilikula umeme wa kilowati 25 hivi. Chumba kiligeuka tanuri. Ilifanyiwa majaribio Novemba 1950, ikaanza kazi rasmi Desemba 1951. Kasi yake ilikuwa hesabu 50 hivi kwa sekunde. Usicheke, kwa wakati ule ilikuwa kubwa.

Lebedev akahamia Moscow, kwenye ITMVT, taasisi ya kuunda kompyuta iliyoanzishwa 1948, akawa mkurugenzi wake kuanzia 1953. Huko ndiko ilikotoka kompyuta ya BESM-6 ya miaka ya 1960, yenye uwezo wa hesabu karibu milioni moja kwa sekunde, kwa usanifu wao wenyewe. Maabara ya Kyiv baadaye ikaongozwa na mwanahisabati Viktor Glushkov, na mwaka 1962 ikawa Taasisi ya Saibanetiki (sayansi ya udhibiti na mawasiliano ya mifumo).

Uamuzi wa kunakili kompyuta za IBM 360 ulifanywa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, na Lebedev mwenyewe aliupinga. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi, ingawa hoja ya kupata programu zilizokwisha kuandikwa kwa ajili ya kompyuta hizo haikuwa ya kipuuzi.