Alama za msaada kwenye MLB The Show, mchezo wa video wa besiboli: zizimwe zipi?

Usizime zote. Kwenye kupiga, kama unatumia Zone, mtindo wa kulenga mpira kwa kijiti, bakiza sehemu ya katikati ya PCI, ile alama ya kulengea, ondoa za nje, kisha ififishe kidogo. Kamera weka Strike Zone. Mpira wa maili 95 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na jicho likiganda kwenye alama huuoni ukitoka mkononi mwa mrushaji. Mimi slaida, mipira inayopinda, zilikuwa zinanipita kila mara, chini kwa nje, mpaka nilipobadilisha hivyo. Kwenye kurusha acha kila kitu kikiwa kimewashwa, hasa ukitumia Pinpoint, mtindo wa kurusha kwa kufuatisha mchoro: bila ule mchoro huna cha kufuatisha kwa kijiti. Kama ndiyo unaanza kabisa, chagua mtindo wa kupiga wa Timing, hapo hulengi chochote.